Filamu za Baba Kule Mbuya

Juzi nilitoka sinema na rafiki zangu wawili, na hata hatujazifikia ngazi ubishi ukawa umeanza. Mmoja anasema filamu ya vita lazima uione ukumbini, kwenye giza, na sauti inayotikisa kifua, na watu wanaoshtuka pamoja nawe. Mwingine anasema yeye angengoja aione kitandani, miguu juu, bila mtoto wa watu kumpiga mateke mgongoni. Wakanigeukia. "Na wewe, ukumbi wako wa kwanza ulikuwa upi?" Nikacheka, nikasema nina njaa. Swali hilo hunichoma uso mpaka leo. Wewe ndiwe wa kwanza ninayekueleza kwa nini.

Ukumbi wetu ulikuwa kibanda cha mabati kilimani Mbuya, kule Kampala, nyuma ya nyumba za askari. Ilikuwa miaka ile ya baada ya vita, na wanawake wengi pale walikuwa bado wanangoja waume na wana ambao hakuna aliyekuja kusema waliishia wapi. Kibanda kilikuwa cha Mkenya mmoja aliyeuza sabuni sokoni Kikuubo. Runinga yake, deki yake ya kanda za video, na jenereta iliyokohoa nje mchana kutwa. Kila Jumamosi, kabla watu hawajaja, kazi yangu ilikuwa kunyunyiza maji sakafuni vumbi litulie, kisha kutundika mablanketi madirishani ili giza liingie. Mlangoni mtu alikaanga mhogo. Harufu ya mafuta yale na udongo uliolowa, ah, usinikumbushe.

Filamu zilikuwa za Kiingereza, na mtafsiri alikuwa baba yangu. Alikuwa askari wa ghala, mguu mmoja uliharibikia vitani, na pale kibandani watu walimwita Afande kwa heshima ambayo sidhani aliwahi kuipata kazini. Vibanda vingine vya mjini vilitafsiri kwa Kiganda. Baba alisimama kando ya runinga na kifimbo chake, akaigeuza filamu nzima kuwa Kiswahili cha askari. Alitania, aliwachamba majambazi, aliwaonya mashujaa waangalie nyuma. Lakini mtu akipigwa risasi, Baba alishusha sauti.

"Anasema, ambia mama mimi hapana umia sana. Anasema, ile mbuzi nyeusi muuze, mtoto aende shule."

Kila aliyeanguka alikuwa na neno la kupeleka nyumbani. Wanawake waliguna, wengine walijifuta macho kwa ncha ya leso. Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, ambaye mwanawe mkubwa hakurudi, alikaa mbele kabisa juu ya kigoda chake, na mara nyingine alimjibu yule kijana wa kwenye runinga. "Sawa, mwanangu," alisema. "Nimesikia."

Mimi nilisoma shule ya mjini, na huko nilikuwa na rafiki wa Bukoto, mtoto wa nyumba za ghorofa, ambaye baba yake alimpeleka sinema ya kweli yenye viti vya kukunja. Wakati wa mapumziko tulizungumza filamu tu. Yeye alishikilia kwamba filamu usiyoiona ukumbini hujaiona, na ile yetu ni redio yenye picha. Nikaona nikimnyamazia nitakuwa nimemkana baba yangu. Nikamwambia njoo uone.

Akaja, na gauni la Jumapili. Baba alifurahi mno. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," akamwambia, akamketisha mbele karibu na jirani, akamnunulia mhogo. Siku hiyo alitafsiri vizuri kuliko siku zote. Kisha askari mdogo akapigwa kando ya mto, akaanguka, na Baba akashusha sauti.

"Anasema, mama, huu mto ni kama ile yetu ya nyumbani..."

"Lakini hajasema kitu!" rafiki yangu akapaza sauti. "Amekufa tu! Na yule mkubwa wao pia hakusema vile. Alisema waende kushoto."

Hakuwa na ubaya. Alisahihisha tu, kama tulivyozoea kusahihishana darasani. Lakini vijana wa nyuma wakaangua kicheko, mmoja akapiga mluzi. "Banange, jamani, Afande anatudanganya!"

Jirani akamgeukia mtoto wa watu. "Wee toto, kaa kimya! Sisi tunakuja sikia Afande, hapana muzungu!"

Kumbe walijua siku zote. Walijua Kiingereza cha Baba kilikuwa cha paredi, cha kusimama na kugeuka, basi. Lakini hilo sikulisikia wakati ule. Nilisikia kicheko tu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, nikafunika uso kwa mikono yote miwili. Nilipoufunua, Baba alikuwa ananitazama. Hakuwatazama wale vijana wala rafiki yangu, alinitazama mimi. Akakiweka kifimbo juu ya deki, akaketi.

Nyumbani hakunigombeza. Alikula, akauliza kama nimechota maji, akalala. Jumamosi iliyofuata alikaa benchi la nyuma na watu wengine, na yule Mkenya akaongeza sauti ili Kiingereza kisikike vizuri. Hakuna aliyeelewa, hakuna aliyecheka. Kijana mmoja wa kwenye runinga akaanguka. Jirani akageuka juu ya kigoda chake, akamtafuta Baba gizani.

"Afande, huyo amesema nini?"

Moyoni nilimsihi Baba aseme kitu, chochote, hata habari ya mbuzi.

"Hajasema kitu, mama," Baba akajibu. "Amekufa tu."

Jirani akainua kigoda chake akatoka. Hakurudi tena. Baadaye akaja mtafsiri mwingine, kijana hodari wa Kiingereza, na baada ya miaka mabati yakang'olewa. Baba na jirani wote wametangulia. Filamu zile zipo bado, ukizitafuta utazipata, na wanaoanguka ndani yake wanaanguka kimya. Jirani alikufa bila mtu kumletea habari ya mwanawe. Alikuwa na lile neno moja la kila Jumamosi, na aibu yangu ndiyo iliyomnyang'anya.