Betri Ikichemka Juu ya Ngazi

Nilipovunjika mguu, nyumba yetu ya Gisozi, hapa Kigali, iligeuka kifungo. Imejengwa chini ya barabara, na kutoka mlangoni hadi gari linapoegeshwa kuna ngazi za mawe, kali, zisizo na pa kushika. Mimi niliyezoea kuzunguka nchi nzima nikiuza dawa za mifugo nikawa mtu wa kitandani, nikitazama bampa la gari langu kupitia dirishani.

Mke wangu alikuwa na leseni, ila milima ya Kigali ilimtia hofu, na kazini alikwenda kwa basi. Gari likakaa tu, mpaka betri ikaisha kabisa.

Jirani yetu, fundi wa kuchomelea vyuma pale Agakiriro, soko la mafundi, akajitolea. Alileta chaja ya karakana yake, akavuta waya kutoka kwake.

"Umeweka volti ngapi?" nikapaza sauti.

"Nimeweka juu, muzee, ijae haraka. Wewe lala, iko sawa!"

Nikamwambia betri ile ni ya maji, isizidi kumi na nne na nusu, na ikijaa ishushwe. Alikuwa ameshashika njia ya kazini.

Mchana harufu ya mayai viza ikaingia chumbani. Nikajua betri inachemka. Maji yakikauka, betri imekwisha. Na ile hewa inayotoka, cheche moja tu inatosha kuilipua. Nikampigia jirani, simu ikaita hadi ikakatika. Mke wangu alipokea akiwa sokoni. Akasema anakuja.

Sikuweza kungoja. Nikajiburuta hadi nje, nikaanza kupanda ngazi kinyumenyume, kwa makalio, plasta ikigonga kila jiwe. Katikati mikono ikagoma. Kupanda siwezi, kushuka naogopa. Jua lilinipiga utosini, na pale juu nikaisikia betri ikitokota. Nikalia. Mguu haukuwa ukiniuma.

"Yesu wangu! Sheri, mpenzi, unafanya nini hapo?" Mke wangu alikuwa amesimama barabarani na mfuko wa mboga.

"Niache mimi! Zima umeme kwanza, ukutani kwa jirani. Vibano vya betri usiviguse kabla hujazima!"

Akakimbia, akazima. Jirani aliporudi waliniinua wote wawili, wakanishusha ndani, naye akiomba radhi njia nzima.

Betri ilipopoa, mke wangu aliijaza maji ya betri, kisha akaishika chaja mwenyewe.

"Kumi na nne nukta nne," akanisomea mita kutoka juu.

"Hapohapo. Ikijaa, shusha hadi kumi na tatu na nusu."

Asubuhi gari likawaka mara moja. Nilidhani ataliacha lingurume kidogo kisha azime. Badala yake nikasikia gia ya kurudi nyuma.

"Unakwenda wapi?"

"Kazini! Nikingoja mguu wako upone, betri itakufa tena."

Akaondoka. Nilifurahi, kweli nilifurahi. Lakini kwenye dirisha palibaki ukuta wa jirani na shuka zilizoanikwa. Nilimfuata kwa masikio akibadilisha gia mlimani, hadi mlio ukapotea.

Baadaye plasta ilitolewa, na betri ile ingali inafanya kazi. Ila katika siku zote nilizokaa mle ndani, hakuna iliyokuwa ndefu kama ile aliyoondoka na gari.