Vidoti kwenye uso wa mama

Leo kwenye matanga ya mama nilitengeneza picha yake, nikakosa kumuona.

Bon. Ordinateur, kompyuta yenye video ya mama akiongea, ilikuwa ndani ya nyumba, pale wamama wanalala kwenye mikeka. Écran ya kuonyesha watu picha ilikuwa inje, chini ya bâche ya turubai. Katikati, câble murefu sana ya kuziunganisha.

Video ikaanza. Uso wa mama ukajaa vidoti vyeupe kama muchele, kisha écran ikawa nyeusi.

Tonton mumoja wa familia akasema: "Ni groupe ya umeme, courant iko kidogo."

Hapana, tonton. Signal ya picha inachoka njiani, ndani ya câble. Ile yenye kwenda mbio sana ndiyo inachoka ya kwanza.

(Ndiyo, nilifundisha watu câble kwenye matanga ya mama yangu.)

Nikaweka égaliseur karibu na écran, kale kasanduku kenye kurudisha nguvu iliyopotea njiani. Picha ikakuwa safi. Watu wakapiga kilio.

Mimi nikabaki kukagua kona za écran.

Ilipoisha, papa akanikaribia. "Umesikia vile mama amekuita jina?"

Nikamujibu: "Vidoti vimeisha, papa."

Mwenye alisikia aniandikie hapa chini: nyuma ya kuita jina langu, mama alisema nini? Kuirudilia ile video, siwezi.