Wamenifungia Mtwara

Wamenifungia Mtwara leo, na hasira hizi sijui nizipeleke wapi.

Nina gemu la kurusha ndege kwenye kompyuta. Nililinunua. Uwanja wa ndege wa Mtwara nikaulipia kando, kwa ajili ya bibi yangu tu. Kila Jumapili anakaa pembeni yangu hapa Kariakoo, namrusha hadi kwao.

Leo nawasha, wenye gemu wananiambia hili limefungwa, ninunue toleo jipya. Na uwanja niliolipia hauhamii huko.

Yaani nilinunua au nilikodi? Huu ni wizi wa mchana kweupe.

Bibi keshajifunga kanga yake nzuri, mfuko wa zawadi mapajani, maana kwao haendi mikono mitupu. Nikamweleza.

"Kwani mjukuu wangu, Mtwara imehama?"

Mpaka sasa mfuko hajauweka chini. Nyie mngemjibu nini?