Swali la Sketi

Mke wangu ni mwalimu wa hesabu, mimi ni fundi cherehani, na kwa miaka ishirini na minane tumekula meza moja. Tunayo moja tu ya maana, ile ya kukatia nguo. Zamani ilikuwa yangu. Tangu shule yao ilipohamishia hesabu mtandaoni, nusu ya meza imekaliwa na kompyuta, na mimi nakata suruali za watu kwenye kipande kilichobaki, kiwiko kimoja hewani. Nimelalamika mpaka nimechoka. Yeye amechoka kunizidi, kwa hiyo huwa hanijibu.

Ilianza hivi. Jengo la madarasa ya juu lilipasuka ukuta, wakaguzi wakalifunga, na wanafunzi wa mwaka wa tatu wakaambiwa wasomee nyumbani siku tatu kwa wiki mpaka litakapotengenezwa. Huu ni mwaka wa nne na bado linatengenezwa. Siku hizo tatu Mwalimu, maana hata mimi namwita Mwalimu, huketi mbele ya kompyuta tangu asubuhi na kufundisha vichwa thelathini na nane asivyoviona. Anauliza, "Tuko pamoja?" Kimya. Anauliza tena. Mmoja anaandika "ndiyo", na kwa hiyo ndiyo moja somo linaendelea. Mchana sauti imekauka, miguu imevimba, anaitia kwenye beseni la maji chini ya meza yangu, juu ya mabaki ya vitambaa vyangu.

Wanafunzi wa zamani walimpa jina: Onyesha Njia. Alikuwa hasahihishi jibu tupu. Ukimletea jibu sahihi bila hatua za kulifikia, anakurudishia daftari. Ukimletea jibu la makosa lenye hatua nzuri, anakupa alama zako na kukuandikia pembeni ulipoteleza. Nimelala miaka mingi ubavuni mwa mwanamke anayenukia wino mwekundu.

Mtandaoni hakuna pembeni. Kuna kisanduku kimoja cha jibu. Mwanafunzi akiandika jibu lililowekwa, kidoti cha kijani kinatokea kando ya namba yake. Akiandika jingine, chekundu. Mwalimu anaona safu ya vidoti, kama vifungo kwenye kadi dukani. Na shule imeweka sheria: ukifikisha vyekundu vinne kwa muhula, unaondolewa kwenye hesabu na kupelekwa hesabu za msingi. Huko ukishapelekwa, chuo cha ufundi hukioni tena, kwa sababu hawapokei mtu asiye na hesabu kamili.

Namba ishirini na tatu alikuwa na vyekundu vitatu. Ni binti wa mshona mapazia wa mtaa wa pili, msichana mkimya, na alitaka chuo cha ufundi akasomee ujenzi. Mwalimu alimhurumia. Akasema maswali ya ule mtandao yana maisha ya watu wengine, na kwamba huyu binti atapata njia akiulizwa kitu anachokishika kwa mikono kila siku. Basi akatunga swali lake mwenyewe: mteja ana kiuno cha sentimita sitini na sita na anataka sketi ya kuzunguka, ile inayokatwa kama sahani yenye tundu katikati, fundi akate tundu lenye nusu kipenyo cha ngapi? Akaweka jibu, kumi na nusu, akalituma kwa darasa zima Jumatano. Mimi nilikuwa mita moja kutoka kwake, natia zipu. Hakuniuliza, na sikujua anatunga nini.

Alhamisi mchana alifunga kompyuta kabla ya chakula kuiva. Si kawaida yake.

"Ishirini na tatu amekosa," akasema. "Hata swali la sketi. Nimemtungia yeye, Fundi, na amekosa. Kesho saa sita majina yanapelekwa."

"Amejibu ngapi?"

"Tisa na nusu."

Nilikuwa na pini mdomoni. Nilizitoa moja moja, maana nilitaka kusema vizuri. "Huyo hajakosa."

"Usinichokoze leo. Sitini na sita, gawa kwa mbili mara ishirini na mbili kwa saba. Kumi na nusu. Hata mtoto wa chekechea."

"Mtoto wa chekechea akate hiyo sketi basi, tuone. Nafasi ya mshono umeiacha wapi?"

Akanitazama.

"Ukikata kumi na nusu, sindano inapita kwenye kitambaa, sentimita moja nje ya ulipokata," nikamwambia. "Nusu kipenyo inakuwa kumi na moja na nusu. Piga hesabu, wewe ndiye mwalimu."

Alipiga kichwani, midomo ikicheza. "Sabini na mbili na ushee."

"Mteja wako anatoka mlangoni na sketi inabaki ndani."

Sikatai kwamba nilifurahi. Miaka ishirini na minane nimesahihishwa kila ninapofungua mdomo, na penye miti hapana wajenzi: ana fundi ndani ya nyumba na anatunga swali la sketi bila kumuuliza. Lakini hakucheka. Alishika ukingo wa meza, akakaa kwenye kigoda changu, na uso wake ukawa wa mtu aliyepigwa na habari ya mbali. Furaha yangu ikaniishia palepale.

Alimpigia simu mratibu wa masomo ya mtandaoni, mwanamume mpole anayesema kila jambo kana kwamba analisoma mahali. Niliwasikia wote wawili.

"Mwalimu, mfumo haukosei," akasema yule.

"Mfumo haujakosea. Nimekosea mimi. Nataka yapokelewe majibu yote mawili."

"Hilo linawezekana. Ila utaandika barua kwamba kosa ni lako, na itaingia kwenye faili lako. Na mwanafunzi mwenyewe lazima afungue swali upya na kulithibitisha jibu lake kabla ya saa sita kesho."

Amebakiza miaka miwili astaafu, na faili lake halijawahi kuwa na doa. Mimi ningeandika kurasa tatu, na katika zote ningelaumu kompyuta. Yeye aliandika mistari minne, akaituma, akaanza kumtafuta binti. Simu imezimwa. Akampigia jioni, imezimwa. Asubuhi ya Ijumaa, imezimwa. Saa nne akavaa viatu kwa taabu, uvimbe wa miguu ukiwa bado haujashuka, nami nikafunga cherehani nikamfuata nimebeba mkoba wenye kompyuta. Nilijisemea naenda kwa ajili ya mkoba.

Chumba cha mshona mapazia kilijaa kitambaa cha kijivu kutoka ukutani hadi ukutani. Mama alikuwa kwenye mashine. Binti yuko sakafuni anabana mikunjo kwa pini. Alipomwona Mwalimu alisimama, akafuta mikono kwenye gauni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mbona simu umeizima?"

"Kile chekundu kilikuwa cha nne." Alisema taratibu, bila kulalamika. "Nikaona niwapishe wenye akili."

"Ulipojibu tisa na nusu, ulijua ni sahihi?"

"Nilijua sketi itakaa kiunoni. Ila kompyuta ikasema nimekosa, nikaona labda hesabu ni kitu kingine."

Mama mtu alisimamisha mashine. Mwalimu alijishusha sakafuni juu ya mapazia ya watu, goti moja kisha jingine, akamwambia binti yule kwa maneno ya waziwazi kwamba aliyekosa ni mwalimu wake. Sijawahi kumsikia akisema hivyo kwa mtu yeyote, mimi nikiwemo. Kisha akafungua kompyuta, binti akaingia kwa namba yake, akaandika tena tisa na nusu, akabonyeza. Ilikuwa saa tano na dakika ishirini. Kidoti kikageuka kijani. Mama akasema ahsante, akarudi kwenye kazi yake, kwa sababu mapazia yalitakiwa mchana ule.

Nilidhani tumemaliza, nikashika mkoba. Mwalimu hakuinuka.

"Niletee daftari," akamwambia binti. "Nionyeshe vile vitatu vya kwanza."

Binti akaleta. La kwanza: chumba cha mita tatu kwa nne, kila kigae nusu mita kwa nusu mita, vigae vingapi vitahitajika? Mtandao ulitaka arobaini na vinane. Binti aliandika hamsini na viwili, na chini yake, kwa mwandiko mdogo: vinne vya kuvunjika. La pili: dirisha lina upana wa mita moja na nusu, kitambaa cha pazia la kulifunika kiwe na upana gani? Aliandika mita tatu, na pembeni: pazia bila mikunjo ni shuka. La tatu lilikuwa kosa tupu, alama ya kutoa ilipotea katikati ya njia. Mwalimu alichomoa kalamu nyekundu kwenye nywele zake, akazungushia duara pale ilipopotea, akamweleza. Katika yote matatu, hilo kosa la kweli tu ndilo lililomfanya Mwalimu atabasamu.

Tulirudi polepole. Kwenye kona, mbele ya duka la vyombo lililofungwa, aliketi kwenye ngazi, akavua viatu. Nilimwambia mambo yameisha vizuri, binti amebaki, na barua kwenye faili si msiba. Nilimwambia pia kwamba kuanzia leo akitaka swali la nguo aniulize, sitamcheka sana.

"Madaftari yote wanayo huko kwao," akasema. "Njia zote wanaziandika. Mimi natazama rangi tu."

"Umechoka, Mwalimu. Twende ukalale."

"Miaka minne, Fundi. Nimewapeleka kumi na tisa hesabu za msingi."

Niliokota viatu vyake, nikavipanga miguuni pake.

"Kumi na tisa," akasema, "na sikumwuliza hata mmoja amelipataje jibu lake."

Niliketi ngazi ya chini yake, mkoba magotini, nikamsubiri avae viatu.