Ufagio Siku ya Ndege

Kwanza mnisamehe mwandiko wangu na makosa ya herufi. Niliishia darasa la saba, na mkono wangu ni mzito.

Kwetu Kitanga, kijiji cha Kasulu mkoani Kigoma, mtu akienda safari ya mbali nyumba haifagiwi mpaka afike. Ukifagia mapema unamfuta njiani. Dada yangu alipokuwa akienda Dar es Salaam kwa basi, mama alijua: uchafu unakaa siku mbili, dada anapiga simu, ndipo tunashika ufagio.

Mwaka huu mtoto wa dada aliugua moyo. Daktari akasema apelekwe Dar, ila hawezi kuvumilia basi, wakapande ndege Kigoma. Mama akachanganyikiwa. Ndege inasubiriwa muda gani?

"Angalia kwenye simu yako, mwana wanje, mwanangu," akaniambia.

Simu ikasema kutoka uwanja hadi uwanja ni kilomita elfu moja na kidogo, saa mbili hivi angani. Nikamsomea. Jirani aliyekuwa akipura maharage nasi uani akacheka.

"Saa mbili? Mimi na baiskeli yangu, hata Kasulu mjini sijafika!"

Dada akatuma ujumbe kwamba wanaingia kwenye ndege, anazima simu. Saa mbili zikapita.

"Wameshafika," mama akasema. Akafagia vyumba vyote, takataka akazitupa migombani.

Simu haikuita. Nikapiga, hapatikani. Nikapiga tena, hapatikani.

"Ulisema saa mbili," mama akasema.

"Ndivyo ilivyoandika, mama."

Jirani hakucheka tena. Mama akainama migombani, akaanza kuokota zile takataka kwa mikono: majivu, maganda ya maharage, nywele. Akazirudisha ndani, akazimwaga sakafuni. Nami nikainama, nikaokota. Kila nilipookota ganda nilimwona yule mtoto amefungwa mgongoni kwa dada, huko juu, bila kitu chini yao.

Jua lilikuwa linazama simu ilipoita.

"Mbona mmenipigia hivyo?" Ni dada. "Ndege ilishuka kwanza mji mwingine kuchukua abiria, tukakaa sana. Sasa tumefika Dar, mtoto amelala."

Mama akaninyang'anya simu. "Tulifagia!"

Dada akapaza sauti. "Mama! Mtoto wangu yuko angani, nyie mnafagia?"

Simu yangu ilikuwa imepima mstari ulionyooka tu. Kushuka njiani haikuniambia.

Sasa madaktari wa Dar wamesema mtoto apelekwe ng'ambo akapasuliwe. Wanaondoka Jumatatu. Nimetafuta umbali hadi uwanja wa huko, nikaona hesabu yake, nikazima simu kabla mama hajauliza. Siiamini tena, na hata nikiiamini naogopa.

Ufagio nimeuficha darini. Wewe uliyewahi kuruka mbali hivyo, tafadhali niandikie: ndege hushuka wapi njiani, na simu ya mtu hukaa imezimwa muda gani kabla ya watu wa nyumbani kuanza kulia? Andika polepole, nami nasoma polepole.