Mwaka Nilipokula Mbegu

Ule mchana wa nzige naukumbuka, mwanangu, kuliko ninavyoikumbuka siku ya harusi yangu. Tulikuwa tukikaa kwenye shamba la mzungu upande wa Ndalu. Mume wangu alishika plau ya ng'ombe, nami nililima kipande tulichopewa. Mahindi yalikuwa yameanza kutoa ndevu. Nzige wakatua saa sita, jua likafifia, tukapiga madebe mpaka mikono ikafa ganzi. Jioni hapakuwa na jani. Niliketi chini palepale shambani nikalia, na sioni haya kusema; jirani yangu Nekesa naye alilia kando yangu. Kulia hakukuwa kosa.

Kosa lilikuja baadaye, na lilianzia kichwani mwangu. Nilijiambia kwamba Mungu ametutupa, kwamba nzige watarudi kila msimu. Mahindi ya mbegu yalikuwa yakining'inia juu ya meko, yamekauka vizuri kwa moshi. Nekesa akaja kuniita tukachimbe tupande upya, kwa kuwa msimu wa mvua ulikuwa bado haujaisha. Nikamcheka.

"Wewe panda tu, bana," nikamwambia. "Uwalishe wageni wako, hao nzige."

Nikayashusha yale mahindi, nikayasaga, tukashiba siku chache. Na nilijiona mwerevu kweli! Nilidhani ni mimi peke yangu niliyeiona dunia ilivyo.

Mvua ikanyesha, na msimu ule nzige hawakurudi. Shamba la Nekesa likaota, si sana, vimahindi vyembamba tu, lakini vilitosha uji wa watoto wake. Mama mkwe wangu akaja kutoka Bungoma kututazama. Alipoingia jikoni aliinua macho juu ya meko.

"Hii mbegu imeenda wapi?"

"Nzige, mama. Nzige wametumaliza."

"Ati nzige? Nzige walikula shamba. Mbegu umekula wewe."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Yeye alikuwa amezika watoto wawili katika njaa ya zamani, na mvua iliyofuata akashika jembe, machozi yakimtoka, akapanda. Mimi nilikuwa sijazika mtu.

Binti yangu Nafula alikuwa na miaka mitatu, na tumbo lilianza kumvimba kwa njaa. Nikambeba mgongoni mpaka Kapsokwony, kwa mdogo wangu aliyeolewa huko. Nilisema akae miezi miwili. Lakini kile kichwa changu kilikuwa bado hakijapona. Hata tulipopata chakula, kila nilipotaka kumfuata nilijiambia balaa nyingine inakuja, afadhali abaki. Ikapita miaka sita. Siku nilipofika kumchukua, alinipokea mzigo kwa adabu.

"Karibu, mama mkubwa," akasema. Kisha akamwita mdogo wangu: "Mama, tuna mgeni!"

Nilikunywa chai yao nikarudi peke yangu. Njia nzima sikumlaumu mtu.

Sasa nasikia umepoteza kazi ya ukarani Kitale, na wiki ya tatu hii umelala umegeukia ukuta, unasema yote yamekwisha. Mwanangu, sikukatazi kulia. Lia. Wala sitakudanganya kwamba ukijipa moyo kila kitu kitarudi. Hata Nekesa alivuna kidogo mno. Nakuomba tu msiba wako uuache na ukubwa wake, usiuongeze kwa fikra zako. Umepoteza kazi, basi sema umepoteza kazi. Usiseme umepoteza maisha. Usiamue jambo kubwa wakati moyo umelala chini, na kile kidogo kilichobaki usikimalize kwa sababu ya uchungu. Nzige hawakuninyang'anya Nafula. Nilimwacha mwenyewe, kwa kuiogopa kesho ambayo haikuja.

Mungu akupe nguvu ya kuamka, hata kama ni ya kunawa uso tu. Akutunzie nyumba yako, na watoto wako wakuite baba mpaka uzeeke.