Shahidi wa Chumba cha Mbele

Sitaki kumsema vibaya Fundi, lakini yule mwanamke ana bahati ya kuudhi. Wengine tumezaliwa kwenye foleni. Yeye akifika tu, mlango unafunguliwa. Ni fundi cherehani, mwembamba, hana haraka na maisha, na anacheka na kila mteja utadhani wamenyonya ziwa moja. Na ndiye aliyechukua chumba cha mbele.

Mimi ni dobi. Mtaani wananiita Mama Pasi, na chumba changu kilikuwa cha nyuma kabisa, ukuta kwa ukuta na choo cha nyumba nzima. Fikiria mwenyewe: unafua shati la mtu linakuwa jeupe pe, unalipiga pasi, unalitundika, halafu upepo unageuka. Wee, acha tu. Mteja akija kuchukua nguo zake anazinusa kwanza, ndipo anashukuru. Kama kuna mtu aliyestahili chumba cha mbele, ni dobi. Nguo mpya za cherehani nani anazinusa?

Wakati huo chumba chenyewe kilikuwa stoo. Bati limetoboka, ndani mbao mbovu na panya wenye afya kunishinda mimi. Kilifungukia uani tu, barabara kimeipa mgongo. Nilikwisha kukiomba kwa mwenye nyumba, tena si mara moja. Mwenye nyumba wetu tulimwita Mzee Subiri, kwa sababu ukimwambia paa linavuja, anasema subiri. Ukimwambia kitasa kimekufa, subiri. Basi mimi nikasubiri. Si ndivyo nilivyoambiwa?

Fundi alikuja mpangaji mpya, na hakusubiri. Alimfuata Mzee akamwambia: nipe hiyo stoo, nitaiezeka, nitaisakafia, nitatoboa mlango wa kutokea barabarani, yote kwa gharama yangu. Na wewe hutanitoa wala hutanipandishia kodi, maadamu nalipa. Mzee akakubali pale pale. Nani anakataa kujengewa? Karatasi hawakuandika. Kwenye nyumba ile hakuna aliyewahi kuandikiwa kitu. Unaonyeshwa chumba, unapewa ufunguo, umeshapanga. Ila Fundi alifanya jambo moja. Alinifuata kwenye mabeseni yangu, mikono bado ina povu, akaniomba nije nisikie. Akamwambia Mzee arudie maneno yake mbele yangu. Mzee akayarudia huku anacheka, akisema hajawahi kuona mpangaji mwenye mashaka kiasi hicho.

Nilisikia kila neno, na kila neno lilinichoma. Chumba nilichokiomba mimi anapewa mwingine, halafu naitwa nishuhudie!

Toka siku hiyo nikawa mtu wa kutazama. Mabati yalipokuja, nilitazama. Saruji iliposhushwa nilikuwa pale nasuuza, nikaona mifuko mikavu, haijaguswa na unyevu. Mlango ulikuja juu ya mkokoteni, wa mbao nzito, rangi ya buluu, Fundi akitembea nyuma yake kama anasindikiza bibi harusi. Nilikuwa napiga pasi. Macho yalinibaki mlangoni mpaka nikaunguza kola ya shati la mwalimu, mpangaji mwenzetu, na kulipa nikalipa.

Kazi ya Fundi ikashika. Watu wakawa wanasimama barabarani kutazama magauni yaliyotundikwa mlangoni, mwisho wanaingia. Wateja wangu mimi wapite uani, waruke maji machafu, wafike wamekunja pua. Jioni nikiisikia ile cherehani inavyolia, nasema moyoni: lia, lia, ipo siku utanyamaza.

Siku ikafika. Mzee Subiri aliona stoo yake imekuwa chumba cha watu, akataka kupandisha kodi. Fundi akamkumbusha walivyokubaliana. Mzee akasema hakumbuki makubaliano yoyote, na kama hataki kodi mpya, mwisho wa mwezi ahame. Fundi hakubishana naye. Alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, akaeleza, akasema shahidi anaye.

Kesho yake Mzee akanijia chumbani. Huyu ni mtu ambaye miaka yote alipokea kodi yangu amesimama nje, kiganja puani. Siku hiyo aliingia, akakaa juu ya ndoo, akaniuliza watoto hawajambo. Mkono mtupu haulambwi, naye hakuja mtupu.

"Mama Pasi," akasema, "wewe siku ile ulikuwa unafua. Mtu anayefua anasikia nini? Ukisema hukusikia vizuri, chumba cha mbele ni chako."

Nikamwambia nitafikiri. Kufikiri gani? Nilikuwa nimeshaanza kupanga vitu. Meza ya pasi dirishani, kamba upande wa pili, nguo zilizokwisha kupigwa pasi karibu na mlango ili wapita njia wazione. Nikawa namngoja Fundi aje anibembeleze, nami nijione mtu. Hakuja. Asubuhi alinisalimu kama kawaida, umeamkaje dada, akaenda zake. Hilo nalo likaniudhi. Maji yamemfika shingoni na bado anaringa?

Tukakutanishwa uani. Mwenyekiti wa mtaa ni mama muuza mkaa, hapendi maneno marefu. Alipewa kiti, wapangaji sisi tukajipanga kwenye kivuli cha ukuta. Fundi alieleza kwa kifupi. Mzee alieleza kwa kirefu. Hakumwahidi mtu kitu, alisema. Na hata hiyo stoo aliikarabati mwenyewe kwa mfuko wake: mabati yake, saruji yake, mlango wake.

Mlango wake?

Jamani. Mlango ule nimeuonea wivu tangu uko kwenye mkokoteni. Nimelala nao, nimeamka nao. Kwa ajili yake nimeunguza nguo za watu. Leo mtu asimame mbele yangu aseme haukuwa wa Fundi? Kumbe mimi muda wote huo nilikuwa nateseka kwa lipi?

Mwenyekiti akaniuliza nilisikia nini siku ile. Nikasimama. Meza yangu ya pasi niliiona inaondoka dirishani, na mdomo haukunisubiri.

"Mlango ni wa Fundi," nikasema. "Mabati ya Fundi, saruji ya Fundi. Hata bawaba kanunua yeye, moja ilikuja na kutu akairudisha. Na wewe Mzee ulisema hutamtoa wala hutampandishia kodi, maadamu analipa. Ulisema, ukarudia, ukacheka."

Mzee akatazama chini. Mwenyekiti akasema ahadi ni deni, na yenye shahidi haina pa kukimbilia. Fundi akae kwa kodi ile ile. Akaagiza safari hii waandikiane. Mzee akasema subiri kwanza, na wapangaji wote wakaangua kicheko.

Jioni Fundi akaja kwenye mabeseni kunishukuru. Nikamuuliza kitu kilichokuwa kinanikera: siku ile kwa nini aliniita mimi, na mwalimu alikuwepo, mtu wa heshima, tena anakaa chumba cha pili?

"Mwalimu angesahau, dada," akasema, na kile kicheko chake. "Wewe ulikuwa unanitazama kama nimekunyang'anya tonge mdomoni. Mtu wa hivyo hasahau kitu."

Yaani hata wivu wangu amejengea chumba! Nikamwambia anipishe, nina nguo za watu.

Haukupita mwezi, Mzee Subiri akanijia tena, safari hii amesimama. Akasema chumba cha nyuma anakihitaji, anataka kukifanya stoo. Nikamwambia, Mzee, si uliniahidi siku nahamia kwamba nitakaa mpaka mwanangu wa mwisho amalize shule? Akaniuliza, nani alisikia?

Nikaenda kwa mwalimu. Akakuna kichwa, akasema samahani mama, hakumbuki hata nilihamia lini. Wapangaji wengine wa zamani nao vile vile. Mmoja alidhani nilikuja pamoja na yeye. Kwa Fundi nilikwenda mwisho, ulimi mzito, ingawa nilijua wakati ule alikuwa hajahamia. Akanipa pole. Akaniambia nilete meza yangu barazani kwake, nipige pasi pale mpaka nipate pengine. Alisema kwa moyo mweupe kabisa, na ndicho kilichonishinda kuvumilia.

Nikarudi nyuma nikaanza kufunga mizigo. Miaka yote ile, nyumba imejaa watu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukionea wivu chumba changu.